Losheni ya Komamanga Imechacha: Majibu kwa Watengenezaji wa Vipodozi vya Matunda

Natengeneza losheni hapa Tanga. Nilitia juisi ya komamanga, vijiko vinne kwa nusu lita, ili iwe na antioksidanti, yaani viini vya kukinga ngozi isiharibiwe na hewa na jua. Siku ya sita chupa zilivimba, na nilipozifungua zikatoa povu na harufu ya pombe. Kihifadhi nilichotumia ni vitamini E. Nimekosea wapi?

Umekosea mara mbili, dada. Juisi ni maji yenye sukari, na ganda la tunda lina chachu yake ya asili. Ukiongeza joto la Tanga, umetengeneza togwa ndani ya chupa. La pili ni hiyo vitamini E. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasigeuke harufu yanapokutana na hewa. Bakteria, chachu na ukungu haiwagusi kabisa. Zimwage losheni zote, hata ambazo hazijavimba, kwa sababu bakteria wengine huzaliana bila kutoa povu wala harufu.

Kisha achana na juisi. Antioksidanti za komamanga, hasa zile zinazoleta ukakasi mdomoni, zimejaa zaidi kwenye ganda ambalo wauza juisi wanalitupa. Osha maganda, kata vipande vyembamba, anika kivulini penye upepo mpaka yavunjike kwa mlio. Yakipinda bado yana maji. Twanga kwenye kinu cha mti yawe kama chenga za mchele. Ukiyafanya unga laini hutaweza kuchuja.

Tumia mizani, vijiko viache jikoni. Maganda makavu gramu 100, gliserini gramu 600, maji yaliyokenekwa gramu 400. Maji hayo ulizia duka la dawa. Usinunue maji ya betri, maana baadhi ya chupa zinazouzwa kwa jina hilo ni asidi. Changanya vyote kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iweke ndani ya sufuria ya maji ya moto na ulinde joto la nyuzi 60 kwa saa tatu, ukikoroga kwa mwiko mara kwa mara. Ukiacha mchanganyiko uchemke, ganda litatoa utelezi na utapata kitu kama uji kinachogoma kupita kwenye kitambaa. Chuja mara mbili kwa shashi safi. Hutapata gramu 1,000 zote, maganda hunywa sehemu yake.

Maji uliyochuja ndiyo dondoo. Sasa pima pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) kwa karatasi ya kupimia. Unataka 4 hadi 4.5. Ikiwa juu ya 4.5, ishushe kwa matone ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji. Ndipo uyeyushe kihifadhi, sodiamu benzoeti, gramu 5 kwa kila gramu 1,000 za dondoo. Mpangilio huu una sababu: benzoeti hufanya kazi penye asidi, na pH ikipita 5 nguvu yake inapungua sana. Weka kwenye chupa ya kahawia na uandike tarehe.

Kwenye losheni tia gramu 30 za dondoo kwa kila gramu 1,000, losheni ikiwa imepoa chini ya nyuzi 40. Hapa wengi hudhani kihifadhi cha dondoo kinatosha losheni nzima. Piga hesabu: gramu 30 za dondoo zimebeba gramu 0.15 tu za benzoeti. Losheni inahitaji kihifadhi chake, kwa mfano fenoksiethanoli gramu 9 pamoja na potasiamu sobeti gramu 3, na pH ya mwisho iwe karibu 5. Na kama uzito wa losheni yako unatokana na kaboma, dondoo yenye asidi itaifanya iwe majimaji. Hamia kwenye gamu ya zanthani, gramu 3 hadi 5.

Dondoo yangu ya maganda ya komamanga imetoka nyeusi kama wino. Je, imeungua?

Haikuungua. Ni wino kweli: ukakasi wa ganda ukikutana na chuma huzaa rangi nyeusi, na kwa njia hiyohiyo watu wa kale walitengeneza wino wa kuandikia. Tafuta chuma kilipoingilia. Inaweza kuwa kisu chenye kutu, mashine ya kusagia, sufuria iliyobanduka, au maji ya kisima yanayoacha alama nyekundu kwenye ndoo. Tumia kioo, mti au stenles. EDTA gramu 1 kwa kila gramu 1,000 husaidia kushika chembe ndogo za chuma, lakini itiwe mapema. Dondoo iliyokwisha kuwa nyeusi haina tiba, na itachafua nguo za wateja.

Niko Dodoma, ubuyu si shida. Nataka kutengeneza seramu ya vitamini C ya unga wa ubuyu. Nitie kiasi gani?

Hakuna kiasi kitakachokufikisha, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kuchapisha lebo. Unga mzuri wa ubuyu una vitamini C ya miligramu 150 hadi 300 hivi katika gramu 100. Hiyo haizidi asilimia 0.3, tena unga ukiwa mtupu. Seramu za vitamini C zinazofanya kazi huwa na asilimia 10 hadi 20 ya asidi askobiki, pH chini ya 3.5. Ukitia dondoo ya ubuyu asilimia 5, vitamini iliyobaki ni ya kuhesabu kwa darubini, na hiyo nayo huharibiwa na joto, hewa na mwanga ndani ya wiki chache.

Ubuyu una faida nyingine. Uuze ukiwa unga mkavu wa kujipaka usoni, kwenye pakiti isiyopitisha unyevu, ambapo hauhitaji kihifadhi. Mteja achanganye gramu 5 na vijiko viwili vya chai vya maji wakati wa kutumia, apake dakika 10, aoshe. Uchekeche kwanza kwa kitambaa, kwa sababu nyuzi zake hukwaruza. Ubuyu uliotiwa rangi, sukari na iliki tuwaachie watoto.

Jambo moja zaidi: ukiwa na vitamini C kwenye mchanganyiko, usiihifadhi kwa benzoeti. Viwili hivyo vikikaa pamoja kwenye joto na mwanga vinaweza kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Je, naweza kutumia ndimu mbichi kuondoa madoa ya uso?

Usitumie, bibi. Ndimu ina pH ya 2 hivi, na ganda lake lina kemikali ambazo jua huzigeuza kuwa moto juu ya ngozi. Malengelenge hutokea siku moja hadi tatu baadaye, kisha yanaacha madoa meusi zaidi ya yale ya mwanzo, kwa miezi. Ukikamua ndimu kwa kazi yoyote, osha mikono kabla ya kutoka nje.

Sabuni yangu ya matunda ya zambarau ilianza na rangi ya damu ya mzee, kesho yake ikawa kijani cha matope. Kwa nini?

Rangi ya tunda hilo ndiyo sehemu kubwa ya antioksidanti zake. Penye asidi ni nyekundu, penye magadi hugeuka bluu, kijani, kisha kahawia, nayo ikiwa inavunjika. Sabuni ya magadi ina pH ya 9 hadi 10. Hata ingebaki, ingesafishwa na maji ndani ya dakika moja. Zambarau zikaushe na uzitoe kwa gliserini kama tulivyoeleza kwa komamanga, uzitie kwenye toni (maji ya kupaka usoni) au jeli yenye pH ya 4.5, na chupa isionyeshe ndani.

Nimekamilisha krimu ya dondoo. Nianze kuuza?

Kwanza weka chupa tatu: moja kabatini, moja dirishani penye jua, moja juu ya friji ambako kuna joto. Angalia kila wiki, kwa wiki 12, rangi, harufu, pH na kama maji na mafuta yanaachana. Paka kidogo ndani ya kiwiko cha watu kadhaa walioridhia, waangalie saa 48. Tanzania Bara usajili wa vipodozi umekuwa chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Kenya nenda KEBS, shirika la viwango la huko. Uende na fomula kamili yenye asilimia za kila kitu zinazojumlika 100, kwa sababu fomula ya vijiko haitapokelewa.