Ukiwa na siku moja Kisumu, asubuhi ipe Dunga

Kama umefika Kisumu kwa kazi au arusi na umebakiwa na siku moja ya kutazama ndege, usijaribu kuibana Dunga, kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria, na msitu wa Kakamega ndani ya siku hiyo. Kakamega inataka siku yake. Asubuhi yote kaa Dunga.

Toka mjini kungali giza. Kwa bodaboda si mbali, na jua likishapanda ndege wa mafunjo hunyamaza na kujificha. Ufuoni tafuta kijana wa hapo anayetembeza wageni, mpatane bei kabla ya kuingia majini, na umwombe mashua ya kasia. Ya injini itawafukuza hao uliowafuata. Vaa jaketi okozi hata kama wenzako hawavai, viboko wapo.

Ndege wa kutafuta ni gonoleki wa mafunjo, maana nje ya mafunjo humpati. Utamsikia kabla hujamwona. Mwambie mpiga kasia aache, mashua itulie ukingoni, kisha mtazame bua linalotikisika na hakuna upepo. Akijitokeza, kifua chekundu kisikutoshe. Ana ndugu yake mwenye kifua kama hicho, anayeishi hata kwenye vichaka vya mjini. Tazama utosi: wa ndugu huyo ni mweusi, wa huyu ni wa manjano yaliyopoa, na bawani ana mstari mweupe. Hujitokeza kidogo tu akarudi ndani, kwa hiyo darubini iwe shingoni, si mkobani.

Utawaona pia watu wakivuna mafunjo ya kusukia mikeka. Sioni ubaya wakivuna kwa kiasi, kwani huchipua tena. Kinachoniuma ni moto, na mashamba yanayosogezwa hadi majini. Ndiyo maana sivutani sana bei na watembezaji wa Dunga. Pesa ya mgeni ikibaki kijijini, mafunjo yaliyosimama nayo yanakuwa na faida kwa wenyewe.

Jua likikaza, rudi mjini kupitia hifadhi ya Impala. Kuna miti mikubwa, kivuli, na ufuo wa kutazama mdiria na kulastara bila haraka. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, si pesa taslimu, hivyo usimalize chaji yote ya simu ukipiga picha Dunga.