Maswali ya Wasomaji: Sikukuu Zambia kwa Treni ya TAZARA

Dada yangu ameolewa Kasama na mwaka huu tunataka kula naye Pasaka. Tukipanda treni ya Ijumaa Kuu hapa Dar, si tutafika Jumapili asubuhi? (Msomaji, Temeke)

Kwa karatasi, ndiyo, tena na usingizi kidogo unaupata. Treni ya Ijumaa inayoondoka Dar mchana au jioni hupangiwa kufika Mbeya Jumamosi mchana, mpakani Jumamosi jioni, na Kasama usiku. Tatizo ni kwamba ratiba ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapaswa kusomwa kama ahadi ya mtu mwema mwenye shughuli nyingi. Kuchelewa saa sita ni jambo la kawaida, na kuchelewa siku nzima hakumshangazi mtu aliyezoea njia hiyo. Ukipanda Ijumaa Kuu, jiandae kisaikolojia kusherehekea Pasaka ndani ya behewa.

Sababu zenyewe ukizijua utapanga vizuri zaidi. Reli ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana hupishana stesheni tu, kwa hiyo moja ikichelewa, nyingine inaisubiri. Reli hii ilianza kazi mwaka 1976, na sehemu zilizochoka huwekewa kikomo cha mwendo. Kati ya Mlimba na Makambako ndiko kwenye kazi kubwa: mahandaki, madaraja na mpando mrefu kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Kichwa cha treni kikidhoofika hapo, hakuna njia ya pembeni. Pasaka nayo huangukia Machi au Aprili, masika yenyewe, wakati maji na udongo vinapoisumbua njia.

Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Kwa desturi treni za abiria zimekuwa mbili kwa wiki kutoka Dar, Jumanne na Ijumaa. Sikukuu ikiwa Jumapili, panda ya Jumanne. Utafika mapema na kumsaidia dada kuchambua mchele. Na kabla hujanunua chochote, ulizia stesheni kama treni ya wiki hiyo ipo kweli. Huduma ya abiria husimamishwa nyakati fulani kwa ajali, uhaba wa vichwa au matengenezo ya njia, na tangazo hutoka siku chache tu kabla. Tiketi za kitanda wakati wa sikukuu huisha mapema, basi ukishathibitisha, kata siku hiyo hiyo.

Safari ya kurudi ina hesabu yake. Usiahidi kuripoti kazini siku unayotarajiwa kufika. Weka siku moja kamili katikati.

Niko Dodoma. Siku hizi tuna SGR. Naweza kuunganisha treni kwa treni hadi Zambia? (Msomaji, Dodoma)

Unaweza, lakini si kwa kubaki stesheni moja. SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ina upana wa milimita 1,435, reli ya kati ya zamani milimita 1,000, na TAZARA milimita 1,067. Behewa la moja halipiti kwenye nyingine. Ukishuka SGR Dar unatakiwa kuchukua gari hadi stesheni ya TAZARA, iliyoko makutano ya Barabara ya Nyerere na Mandela. Kila msimu wapo watu wanaokwenda stesheni isiyo yao, na dereva wa bodaboda akisikia neno “treni” tu atakupeleka anakojua yeye. Mwambie “TAZARA”.

Kwa anayetoka Dodoma ipo njia fupi zaidi: basi hadi Makambako kupitia Iringa, ukapandie hapo. Makambako ndipo reli inapokutana na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Faida nyingine ni kwamba unaweza kuuliza treni iko wapi kabla hujaondoka nyumbani. Ikiwa bado haijatoka Dar, endelea kunywa chai. Hakikisha tu tiketi yako imeandikwa kwamba unapandia Makambako, na jina lako limo kwenye orodha ya kitanda.

Wanaopandia Mbeya wakumbuke kwamba stesheni iko Iyunga, nje ya katikati ya jiji, upande wa barabara ya Tunduma.

Nasafiri na watoto wawili, wa miaka minane na miezi kumi. Baba yao anabaki. Daraja gani linafaa, na nibebe nini? (Mama wa wawili, Ukonga)

Mama, daraja la kwanza. Chumba chake kina vitanda vinne, cha daraja la pili vitanda sita. Wanaume na wanawake wasio wa familia moja hawachanganywi chumba, kwa hiyo wewe na watoto mtalala na akina mama wengine. Mkiwa na ndugu mwingine anayesafiri, lipieni vitanda vyote vinne, mlango uwe wenu. Usichukue viti kwa sababu ya kubana matumizi. Usiku mbili na mtoto wa miezi kumi mapajani ni adhabu.

Chukua kitanda cha chini. Mtoto mdogo alale upande wa ukutani, nawe ukingoni, maana treni hutikisika ikianza na ikisimama.

Maji ndiyo hukosewa zaidi. Ya kunywa, weka lita 2 kwa mtu mzima kwa siku, na uhesabu siku tatu hata kama tiketi inasema mbili. Kando yake beba dumu la lita 5 la kunawia na kuoshea mtoto, kwa sababu matangi ya behewa hukauka, hasa baada ya usiku wa kwanza. Maziwa ya unga yasichanganywe mapema. Beba unga mkavu na chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, ukoroge kila anapotaka kunywa. Pakiti mbili tatu za chumvichumvi (ORS) ya kumpa anayeharisha zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Behewa la chakula lipo na wahudumu hupita vyumbani, ila treni ikichelewa sana chakula hupungua. Siku ya kwanza kuleni mlichopika nyumbani, kikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi. Wali wa nazi uache. Kwa joto la Dar unachacha kabla ya Kisaki.

Watu wa pwani pia hudanganywa na hali ya hewa. Njia hii hupanda hadi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari eneo la Uyole, na dirisha la treni halizibi vizuri. Khanga haitoshi. Blanketi moja kwa kila mtu, soksi, na kofia ya mtoto.

Usiku, treni ikisimama stesheni, funga dirisha. Simu isichajiwe mezani karibu nalo: mkono kutoka nje unafika.

Karatasi za watoto: kila mtoto awe na pasipoti yake, hata huyo wa miezi kumi. Kwa kuwa baba hasafiri nanyi, beba barua yake ya ridhaa iliyoshuhudiwa na wakili, nakala ya kitambulisho chake, na vyeti vya kuzaliwa. Unaweza usiulizwe. Ukiulizwa huna, ni wewe na watoto na mabegi jukwaani Nakonde, mpakani upande wa Zambia.

Mpakani mambo yanakwendaje? Tunashuka na mizigo? (Msomaji, Morogoro)

Kwa kawaida hamshuki. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja wenye majina mawili, na maofisa wa Uhamiaji wa kila upande hupanda na kupita chumba kwa chumba. Watanzania hawahitaji viza kuitembelea Zambia. Kinachotakiwa ni pasipoti yenye muda wa kutosha na ukurasa mtupu.

Kaa chumbani kwako mpaka upate mihuri miwili: wa kutoka Tanzania, kisha wa kuingia Zambia. Hapa ndipo watu hujikwaa. Mtu yuko behewa la chakula, ofisa anapita, naye anaendelea na safari bila muhuri. Siku ya kurudi anaonekana hakuwahi kuingia kihalali. Ukipewa pasipoti, ifungue hapo hapo usome tarehe na idadi ya siku ulizoandikiwa. Umepanga kukaa mwezi na nusu, umeandikiwa siku 30? Sema wakati ofisa bado yuko mlangoni.

Kadi ya njano ya homa ya manjano ibebe hata kama safari iliyopita hukuulizwa. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya kuchomwa juzi haikusaidii. Ukishachanjwa, kadi ni ya maisha.

Wabadilisha fedha nao watapanda. Badilisha kiasi cha kukufikisha tu, na hesabu kwacha mkononi mwako kabla ya kutoa shilingi. Mwaka 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, kwa hiyo anayekupa noti ya 50,000 anakupa karatasi ya ukumbusho. Mwaka 2025 zilitolewa noti mpya, kubwa kuliko zote ikiwa ya 500. Muulize mwenyeji wako akutumie picha za noti zinazotumika.

Nampelekea mama mkwe mchele wa Kyela, dagaa na dawa yake ya kikohozi. Kuna shida? (Mkwe, Mbeya)

Anza na dawa, maana ndiyo yenye hatari. Zambia ni wakali kuhusu difenhidramini, kiambato kilichomo kwenye dawa nyingi za kikohozi na mzio zinazouzwa duka la dawa bila kuulizwa. Wageni wamewahi kukamatwa kwa hiyo. Soma lebo. Ukiikuta, iache, mama mkwe apate yake kwa daktari wa huko. Dawa nyingine ziwe kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari.

Mchele, mbegu, matunda na vyakula vingine vya mimea huangaliwa na wakaguzi wa mimea. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Dagaa wawe wakavu kabisa na wafungwe vizuri, kwa heshima ya wenzako chumbani.

Ukirudi, acha huko mifuko ya plastiki ya dukani. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Mpwa wangu atanipokea Kapiri Mposhi. Amesema yuko stesheni “ten o’clock”. Nimwelewe vipi? (Msomaji, Chang’ombe)

Ni saa tano asubuhi kwa saa yako ya Dar. Yeye anahesabu Kizungu, na Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiitafsiri “saa kumi” utapishana naye saa tano nzima. Simu yako inaweza kubadili saa yenyewe karibu na mpaka, au isibadili, basi usitegemee kengele yake kukuamsha.

Mwambie asije mpaka umpigie ukiwa Serenje. Stesheni ya TAZARA haiko katikati ya mji, na si ile ya reli ya Zambia inayokwenda Livingstone. Mkitoka hapo, Lusaka ni kama kilomita 200 kwa basi.