Nani kageuka nini?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Katika habari za wasanii wa nje nakuta 'filamu za watu wazima', kwingine 'picha za ngono'. Kipi ni Kiswahili sahihi?" Ameambatanisha sentensi aliyokutana nayo: "Mcheza picha za ngono aliyegeuka mwigizaji Sibel Kekilli ameshinda tuzo."

Ndugu yangu, andika picha za ngono. Ngono ni neno la Kibantu, ndugu wa kugona, ambako kwa Wanyakyusa ni kulala tu, na halina tusi: daktari na hakimu hulitamka bila kuinamisha macho. Mtu mzima kwetu ni yule anayeitwa kusuluhisha ugomvi na kupeleka posa. Kumbandika kwenye biashara ile ni kumwonea. Hata hivyo msemo umeshaenea, nami sitagombana na anayeutumia mbele ya wakwe zake.

Nitakayegombana naye ni aliyeandika "aliyegeuka". Amechukua mpangilio wa Kiingereza akaupachika maneno yetu, na maana imepinduka. Katika Kiswahili nomino inayotangulia ndiyo kichwa cha kirai, yaani neno kuu la fungu hilo la maneno. Yanayofuata huieleza tu. Nani ameshinda tuzo katika sentensi ile? Mcheza picha za ngono. Uigizaji, kazi iliyompa tuzo, umebaki umening'inia kwenye kirejeshi, lile "aliye-", kama kiraka. Mwandishi alitaka kutuambia mtu huyu ameacha kazi ya kwanza. Sarufi yake inatuambia bado yumo.

Halafu kitenzi chenyewe! Katika ngano zetu mtu hugeuka nyoka au jiwe. Mwanachama akigeuka, wenzake humwita msaliti. Lakini dereva akisomea sheria hatusemi amegeuka wakili. Amekuwa wakili. Kwa nini Kekilli peke yake apewe kitenzi cha wachawi?

Tazama alivyotendwa. Ni Mjerumani mwenye asili ya Uturuki, aliyezaliwa Heilbronn mwaka 1980. Februari 2004 filamu ya mwongozaji Fatih Akın ambamo Kekilli aliigiza kama mhusika mkuu, Gegen die Wand, ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Siku chache baadaye gazeti la Bild likaanika picha zake za ngono za zamani. Baraza la Habari la Ujerumani lilikaripia gazeti hilo, na mwaka huohuo, akipokea Bambi, tuzo ya vyombo vya habari ya Ujerumani, Kekilli mwenyewe alilishutumu jukwaani. Alipata pia tuzo ya filamu ya Ujerumani ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2004, akaipata tena 2010, kisha dunia ikamwona kama Shae katika tamthilia ya Game of Thrones. Baada ya yote hayo, mwandishi wetu bado anaanza na zile picha, na jina la mtu analiweka mwishoni.

Mwaka 1970 Sylvester Stallone, akiwa hana senti, alicheza filamu ya uchi. Baada ya Rocky kumpa umaarufu mwaka 1976, wenye filamu ile waliitoa upya kwa jina jipya ili wavune jina lake. Sijapata kusoma popote "mcheza filamu za uchi aliyegeuka mwigizaji Stallone". Sunny Leone, aliyetoka kwenye picha za ngono akaingia katika sinema ya India na filamu ya Jism 2 mwaka 2012, huandikwa hivyo kila akitajwa, hata habari ikiwa inahusu watoto wake. Huu ni ubaguzi, na kirai kile kinaubeba.

Kiswahili kina njia safi: "Mwigizaji Sibel Kekilli, ambaye aliwahi kucheza picha za ngono, ameshinda tuzo." Kichwa cha kirai ni kazi yake ya leo, na "aliwahi" inaiweka ile ya jana mahali pake. Ila mwandishi ajiulize kwanza kama habari inakihitaji kishazi hicho cha katikati. Ikiwa ni ya tuzo, haikihitaji. Akifute: "Mwigizaji Sibel Kekilli ameshinda tuzo."