Kwa Nini Tumwite Mwizi Shambani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi wilayani Tarime. Bwana shamba ametushauri tuyazungushie mashamba yetu matete, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kwa sababu huwavuta nondo wa bungua, yaani wale viwavi wanaotoboa mabua. Jirani yangu anacheka na kusema kwamba huko ni kumwita mwizi aje bomani. Nani mkweli kati yao?
Msomaji, Tarime

JIBU: Jirani yako hajakosea kuhusu nondo, kwa kuwa jike huvutwa kweli na matete na hutaga huko mayai mengi kuliko kwenye mahindi. Asichokijua ni yale yanayofuata mayai yakishaanguliwa. Kiwavi anapotoboa shina la tete, mmea hutoa utomvu unaonata na kumnasa, hivyo ni wachache mno wanaokua hadi kuwa nondo.

Jambo hilo lilichunguzwa katika miaka ya 1990 huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, si mbali sana na kwenu, na wataalamu wa wadudu wa kituo cha ICIPE wakiongozwa na Zeyaur Khan, wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Walianza na nyasi za porini, na nadhani hapo ndipo ulipokuwa werevu wao: mahindi ni mgeni aliyetoka Amerika, ilhali mmoja wa bungua wetu wakubwa ni mwenyeji wa Afrika aliyekuwa akiishi katika majani hayo kabla mahindi hayajafika. Nondo hutafuta pa kutagia usiku kwa kufuata harufu, na ni giza linapoingia ndipo nyasi hizo huitoa kwa wingi.

Hata hivyo, ushauri ulioueleza ni nusu tu ya kilimo kinachoitwa vuta-sukuma. Matete huvuta, kazi ya kusukuma ni ya desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa, ambayo hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba harufu yake huwafukuza nondo, ingawa siku hizi wako watafiti wanaodai kuwa vinyweleo vyake ndivyo vinavyowanasa na kuwaua viwavi, na mabishano hayo hayajaisha. Kwa mkulima wa Mara, ambako kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi, hunyonya mahindi mpaka yakadumaa, faida kubwa zaidi huenda ikawa ardhini: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiotesha mbegu ya kiduha, kisha nyingine zinazoizuia isishike mzizi wa mahindi, nayo hufa kwa kukosa pa kunyonya. Msimu wa kwanza bado utalazimika kupalilia kwa mkono, kwa sababu desmodiamu huchelewa kutanda.

Panda mistari mitatu ya matete kuzunguka shamba, ukiacha mita 1 kati yake na mahindi. Yakifikisha miezi 3 unaweza kuanza kuwakatia ng'ombe, lakini usiyafyeke yote kwa pamoja, maana nondo watahamia kwenye mahindi. Anza na mstari wa ndani, na ile ya nje uiache imesimama hadi wa ndani uchipue tena.