Mnaoanza ushairi, hesabuni mizani kwa mdomo si kwa macho

Wadogo zangu mnaoingia fomu wan na tayari mnauogopa ushairi, mimi pia niliuogopa, na fomu tuu nilikula sufuri moja safi kabisa kwa sababu ya neno "mtu". Huu hapa mshororo, yaani mstari wa shairi, nimeutunga ufanane na ule ulioniangusha:

Mtu mwema meondoka, nyumba imebaki kimya

Nilihesabu mizani, yaani silabi, za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) nikapata 7, utao (nusu ya pili) 8, nikaandika kwa mbwembwe ati mshairi amekiuka arudhi, zile kanuni za utunzi. Kumbe ni masikio yangu. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu, kama n-chi na m-bwa, ile m inasimama na pumzi yake. Ukisoma kimyakimya inakupita, kwa hiyo soma kwa sauti huku unagonga meza: m-tu-mwe-ma-me-o-ndo-ka. Nane. (Mwe ni moja jamani, msiikate.)

Sasa ona hiyo "meondoka". Mtaani tunasema ameondoka, ila a ingeleta mizani ya tisa, ikatupwa. Ndo inkisari hiyo, lakini usitaje jina ukakimbia, sema imetumika ili mizani zitoshe, alama iko hapo.

Toni nayo, yaani hisia ya shairi, watu wanabahatisha. Mtu akiona kifo anaandika huzuni anageuza karatasi. Huzuni umeiona wapi? Tuseme kibwagizo, mshororo unaorudiwa, ni hiki:

Kikombe chake mezani, na chai haijanywewa

Hakuna machozi, hakuna ole wangu, ni kikombe tu, na kinarudi kila mwisho wa ubeti kama vile kuna mtu kakataa kukitoa mezani. Nukuu hicho kikombe. Mizani peke yake haikupi hisia, manake Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani, alimuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858 kwa mizani 8 zilezile ambazo tenzi za vita zinatumia.

Bahari, yaani aina za mashairi, zisikunyime usingizi, tarbia mishororo minne, takhmisa mitano, ukaraguni vina (silabi za mwisho zinazofanana) vinabadilika ubeti kwa ubeti, wiki moja unazo kichwani. Kinachoniudhi ni mtu anamaliza dakika ishirini akichora vina, akiulizwa nafsineni ni nani anajibu mshairi. Nafsineni ni yule anayesema ndani ya shairi. Hapo juu anayesema ni mjane, na mimi niliyetunga hata sijaoa.