Draiva ya gofu ichaguliwe kwa mkono wako: ushauri kwa wanaoanza

Ndugu zangu mnaoanza gofu hapa Tanga, swali ninaloulizwa kuliko yote ni draiva ipi, yaani ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, inapiga mbali. Mimi nami niliuliza hivyo hivyo nilipoanza, nikajibiwa na muuzaji mmoja ambaye hakuwahi kuniona nikipiga hata mpira mmoja. Alinipa draiva yenye uso wa nyuzi 9 (nyuzi hupima uso ulivyolala; zikiwa chache, umesimama zaidi) na mpini ulioandikwa herufi S, yaani mgumu, akanieleza kwamba wanaoshinda mashindano hutumia za namna hiyo. Wanaoshinda mashindano huzungusha fimbo kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa, ilhali mimi, nilipokuja kupimwa baadaye, nilikuwa na kilomita 140 hivi. Mpira wangu ulikuwa ukitoka chini chini, ukienda kama meta mia na zaidi, kisha unajipinda kulia na kuingia majanini. Nikawa nalaumu upepo wa kusi.

Aliyenitoa gizani alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya ukedi, ya kuwabebea wachezaji fimbo, kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniomba nipige mipira mitatu mbele yake. Nilipomaliza hakusema neno kuhusu mikono wala miguu yangu. Alimtuma kijana dukani kununua poda ya watoto. Akainyunyiza kwenye uso wa draiva mpaka ukawa mweupe wote, akasema, “Haya bwana mdogo, piga tena, halafu usiuangalie mpira, uangalie uso wa fimbo.” Nilipoinua fimbo niliona kiduara cheusi, mfano wa sarafu, ambapo poda ilikuwa imefutika. Hakikuwa katikati, kilikuwa kwenye kisigino, upande ule wa karibu na mpini. Tulirudia mara tisa, na alama sita zilikuwa pale pale.

Nawasihi mfanye jaribio hilo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mpira hugusa uso wa draiva kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo mfupi kichwa cha fimbo hujizungusha kidogo ikiwa kimegongwa pembeni. Kichwa na mpira hufanya kama magurudumu mawili ya meno yanayosukumana: kimoja kikizunguka huku, kingine huzunguka kule. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira uliogongwa kwenye kisigino hupata mzunguko wa kuupeleka kulia, na uliogongwa kwenye ncha hupata wa kuurudisha kushoto. Ikiwa poda inaonyesha mmegonga katikati na mpira bado unapinda kulia, basi uso wa fimbo unafika ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia, na hapo fedha za draiva mpya ni afadhali apewe mwalimu. Angalizo moja: poda ni ya mazoezini tu, kwa kuwa kanuni haziruhusu kupaka kitu kwenye uso wa fimbo ili kubadili namna inavyopiga, na mtu anaweza kutolewa mashindanoni kwa sababu hiyo.

Chanzo cha mimi kugonga kwa kisigino kilikuwa urefu wa fimbo. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45 na ushei, kwa sababu fimbo ndefu huuzika kwa ahadi ya kwenda mbali. Kanuni zenyewe zinaruhusu hadi inchi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano makubwa wanaweza kuweka kikomo cha 46. Mzee aliniambia nishike mpini inchi moja chini ya kawaida, na katika mipira kumi iliyofuata, saba iligusa karibu na katikati. Ilikwenda mbali zaidi kuliko ile niliyopiga kwa fimbo nzima, jambo ambalo nilikataa kuliamini mpaka nilipotembea kuhesabu hatua. Basi kabla hujakata mpini, shika chini kwa majuma kadhaa. Ukiukata, kichwa kitahisi chepesi mkononi, na fundi atalazimika kubandika utepe wa madini ya risasi ili kurudisha uzito.

Sasa nije kwenye nyuzi za uso, ambapo sisi watu wa pwani tunajidanganya sana. Tunasema kuna upepo, tuchukue uso uliosimama ili mpira upite chini. Lakini kwa mtu mwenye kasi ndogo, uso wa nyuzi 9 haumpi mpira mwinuko wa kutosha wa kukaa hewani, kwa hiyo unaanguka mapema hata siku ambayo bahari imetulia kama maji ya mtungi. Na wakati wa masika ardhi yetu huloa, mpira ukianguka haubingiriki, umbali unaopata ni ule tu ulioruka. Mtu mwenye kasi ya chini ya kilomita 140 asiogope nyuzi 12 au hata zaidi. Wa kati ya 140 na 155 aanzie 10.5, hizo za 9 awaachie wenye zaidi ya 160. Siku ya kaskazi kali, shusha kijiti unachowekea mpira, piga kwa utulivu, usibadilishe fimbo.

Kuhusu mpini, herufi R, S na X hupanda kutoka laini hadi ngumu, lakini hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, hivyo R ya huyu inaweza kuwa ngumu kuliko S ya yule. Mimi huangalia uzito kwanza. Mpini wa gramu 50 na wa gramu 65 ni vitu viwili tofauti kabisa ukifika shimo la 15 na jua la Tanga limekupiga tangu asubuhi. Nilijifunza hilo kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, nilipomaliza mashimo 18 nikiwa siwezi kufunga mkono ngumi.

Kichwa kisikusumbue sana. Kikomo cha kanuni ni sentimita za ujazo 460, na anayeanza achukue kikubwa hicho, chenye uzito uliosukumwa nyuma, maana hakiyumbi sana kikigongwa pembeni. Zile zenye spana ya kubadilisha nyuzi ni nzuri, ila jueni kwamba ukiongeza nyuzi uso nao hufunga kidogo, na ukizipunguza hufunguka. Hurekebishwa kabla ya raundi tu.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, nami siioni aibu. Itikise karibu na sikio. Kikisikika kitu kinachogonga ndani, gundi imeachia. Pitisha ukucha usoni kutafuta ufa mwembamba, kisha zungusha kidole mahali mpini unapoingia kichwani, ambapo mipini ya nyuzinyuzi za kaboni huanza kupasuka. Bandia nazo zipo, na mara nyingi herufi zake hazijakaa sawa au bei yake inakuonea huruma kupita kiasi. Mshiko uliokaa kwenye hewa yetu ya chumvi huwa unateleza. Uoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya kukata shauri kwamba fimbo ni mbaya.

Draiva yangu ya nyuzi 9 ilikaa stoo miaka miwili. Kisha akaja kijana mmoja mvuvi, mwenye mabega ya kuvuta jarife, akaomba kuijaribu, nami nikampakia poda usoni mwa fimbo kama nilivyofanyiwa. Mpira wa kwanza ulipaa mpaka tukaupoteza machoni, na alama ilikuwa katikati. Nilimwuzia kwa nusu ya bei niliyonunulia, akanilipa kwa mafungu mawili.