Maporomoko ya Jinja yameenda wapi?

SWALI: Habari mhariri. Juzi tulipeleka watoto Jinja, pale bustani ya chanzo cha Nile. Shuleni wamefundishwa kwamba Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika kwenye maporomoko, basi tumezunguka mpaka miguu ikauma, maporomoko hakuna, mnara wa Speke hakuna, tumekuta sanamu ya Gandhi tu! Mtoto ananiuliza Gandhi na Nile wapi na wapi, nimekosa jibu. Nisaidie. – Mzazi, Ntinda, Kampala

JIBU: Dada yangu, watoto hawakudanganywa. Maporomoko yalikuwepo hapo hapo, Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862 akayapa jina la Ripon. Ila mwaka 1954 likafunguliwa bwawa la umeme la Owen Falls, hili tunaloliita Nalubaale siku hizi, liko chini kidogo ya hapo, sasa maji yakajaa nyuma yake na maporomoko yakamezwa. Kilichobaki ni pale karibu na kile kisiwa kidogo, maji yanachemkachemka juu juu, wenye mashua huwa wanapeleka watu kuona.

Mnara wa Speke hamkuuona kwa sababu uko ng'ambo, upande wa magharibi, Njeru. Mnapanda mashua hapo hapo bustanini mnavuka, au mnazunguka kwa gari kupitia daraja.

Na Gandhi: alipouawa Januari 1948 majivu yake yaligawanywa, yakamwagwa kwenye mito mbalimbali, na sehemu ilifika hapo Jinja mwaka huo huo. Sanamu yenyewe ilizinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, Gujral. Ukikumbuka Wahindi walivyoijenga Jinja, maduka ya Main Street, kiwanda cha sukari cha Kakira, utaona sanamu hiyo iko mahali pake kabisa, na kwa Wahindu wengi hapo ni mahali pa ibada kwahiyo waambie watoto wasiipande kupiga picha.

Kitu kimoja naomba uwaambie kabla hawajasahau safari: Speke hakugundua mto uliopotea. Wasoga na Waganda walikuwa wanaishi kando yake, wanavua, wanavuka kwa mitumbwi, wanaujua kama Kiyira, na yeye alifikishwa pale na watu waliojua njia. Inaniuma sana mtoto wa Uganda akimaliza shule anajua jina la Ripon na hajui la Kiyira.

Kama bado wanataka maji yanayonguruma kweli, Bujagali msiende kutafuta, nayo ilizama, bwawa lake lilianza kazi 2012. Nendeni Itanda, kaskazini mwa Jinja, kule mto bado unapiga miamba mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Wadogo washikeni mkono muda wote na msiwaruhusu kuingia majini, hata pale panapoonekana pametulia mkondo wake una nguvu sana.